Hodi ya Tatu

Majirani zangu hapa Kinondoni wananicheka kwa jambo moja. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na mgeni akisimama mlango wa mbele akapiga hodi, mimi huitikia kabla hajamaliza neno, hata kama kaja kwa mtu mwingine. Huitikia nikiwa bafuni na sabuni usoni. Huitikia nikiwa na tonge mdomoni. Juzi mama wa chumba cha mkabala aliniambia, "Wewe dada, siku mwizi akipiga hodi utamkaribisha na kiti umpe." Wote ukumbini wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu kueleza kungekuwa kurefu na chai ilikuwa inapoa.

Kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo ni kuandika kadi za maneno kwa ajili ya kamusi. Kila kadi ina nafasi nne: neno, maana, asili, na namna linavyosemwa katika lugha nyingine. Maneno marefu hayana taabu. Ni hayo mafupi yanayosumbua. Mwezi uliopita nilipewa "hodi", herufi nne tu, na wenzangu wakaniambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilikaa nayo wiki tatu.

Nilianza kwa kuuliza watu, kwa sababu kuuliza ni rahisi kuliko kuandika. Mwanafunzi mmoja wa Malawi aliniambia kwao ni "odi". Mganda anayefanya kazi ghorofa ya chini akasema kwao ni "koodi". Mama mmoja wa Kimalagasi, mke wa mwalimu wangu wa zamani, akaniambia kisiwani kwao mtu husimama nje akasema "haody", na alipolitamka nilishtuka, maana lilikuwa neno letu lenyewe lililovuka maji likarudi limebadili mavazi kidogo. Kwa wakimbizi wa kusini mwa Afrika mambo yalikuwa tofauti. Msotho akasema "ko ko", Mshona akasema "gogogoi", na nikaona kwamba hao wanaiga mlio wa kidole kwenye mbao. Sisi hatuigi mbao. Sisi tunatoa sauti yetu wenyewe, kana kwamba mlango haupo. Kuhusu asili, mzee mmoja ofisini alinihakikishia kwamba ni Kiarabu. Nilipomwuliza ni neno gani hasa la Kiarabu akasema atanitafutia, na kila tukikutana ngazini ananiambia bado anatafuta.

Iliyonishinda ni nafasi ya maana. Niliandika: "Tamko la mtu aliye nje la kuomba ruhusa ya kuingia." Halina kosa. Nililisoma mara nyingi nikaona halina kosa, na kadiri nilivyoona halina kosa ndivyo mkono ulivyozidi kutoka jasho. Nikafungua mkoba kutafuta kitambaa, vidole vikagusa kitu ninachotembea nacho tangu nina miaka tisa. Ni chanuo la mpingo lenye meno saba, na juu ya mshikio wake kuna ndege mdogo ambaye bawa lake moja halijamaliziwa. Nilipolitoa ikanijia harufu ile ile: vumbi la mpingo, na dawa nyeusi ya viatu ambayo wachongaji huisugua ili mti ung'ae.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Temeke. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, uani kukiwa na jiko na mti wa mlonge. Nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye chumba cha nje, alipanga mchongaji mmoja wa Kimakonde tuliyemwita Baba Asumpta. Asumpta mwenyewe hatukumjua. Alikuwa kusini na mama yake, umri wangu sawasawa, na baba yake alikuwa akimtaja kila siku namna mtu anavyotaja mvua inayokaribia. Alitaka aje mjini asome. Mwalimu mkuu wa shule yetu alikwisha kukubali kumpokea. Kilichobaki ilikuwa msimu wa mvua upite, barabara ya kusini ipitike.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua. Baba Asumpta alikuwa ameanza kwenda madarasa ya watu wazima jioni, lakini alisoma polepole mno, na barua za nyumbani hazikuweza kumsubiri. Basi nikitoka shule nilipita bandani kwake, nguzo nne na makuti, nikakaa juu ya gogo nikasoma kwa sauti huku yeye akichonga. Akifurahi alisimamisha tezo. Akihuzunika aliendelea kuchonga, ila taratibu zaidi. Aliniita Mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo bila kunitania, na yeye hakuwa ananitania.

Siku moja niliingia bandani mbio na bahasha mkononi. Alinitazama akaniuliza nimepita wapi. Nikasema mlangoni. Akaniuliza mlango uko wapi, nami nikageuka kuutazama nikaona hewa tupu kati ya nguzo mbili. Akanieleza kwamba alikokulia nyumba zilikuwa za fito na nyasi, mlangoni umening'inizwa mkeka ambao hata mbuzi angeweza kuupita. "Kwetu neno ndilo mlango, Mwalimu. Anayepita bila neno amevunja nyumba ya mtu." Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua, nikapiga hodi. Akaniacha nisimame kidogo, kisha akanikaribisha kwa sauti kubwa, akanipangusia gogo kwa kiganja kama ninatoka safari ya mbali. Tangu siku ile hata yeye, akinikuta nimetangulia kukaa bandani mwake, alisimama nje ya makuti yake mwenyewe akapiga hodi.

Nyumbani mama alikuwa amenifunza sehemu iliyobaki, kama alivyofunzwa yeye chuo cha Kurani alipokuwa msichana. Hodi ni tatu. Ya kwanza ili wasikie, ya pili ili wajiweke sawa, ya tatu ili waamue. Ya nne haipo. Ukipiga ya nne huyo si mgeni tena, ni mwenye fujo. Wasipoitikia mara tatu unaondoka, na wala huna haki ya kuudhika. Nililipenda jambo hilo kama watoto wanavyopenda sheria yoyote ambayo hata wakubwa wanaifuata. Nikajenga kichwani imani yangu mwenyewe: kwamba hodi isiyoitikiwa inafutika, na mtu aliyeipiga ni kama hakuja.

Sasa chanuo. Baba Asumpta alikuwa analichonga katikati ya kazi nyingine, vile vinyago alivyokuwa akipeleka mjini. Alilichonga kwa dakika chache kila jioni. Lilikuwa la Asumpta, aje alikute. Mimi nilimwona ndege yule akitoka ndani ya mti: kwanza mdomo, halafu kifua, halafu bawa moja. Nilikuwa na nywele nyingi ngumu, na nyumbani tulikuwa na kitana cha plastiki kilichong'oka meno, mama akinichana mimi nalia. Sitaki kusema kwamba nililichukua kwa sababu ya nywele. Nimelifikiri sana jambo hili, na nadhani nililichukua kwa sababu ya Asumpta. Yule msichana ambaye hakuwa amefika alikuwa na baba wa kumtaja siku nzima, na akifika angesoma barua zake mwenyewe, na mimi nisingekuwa Mwalimu tena. Siku nilipolichukua, Baba Asumpta alikuwa amekwenda bombani kuchota maji. Chanuo lilikuwa juu ya kitambaa. Nikaliweka ndani ya daftari la hesabu, nikaenda nyumbani nikalificha chini ya godoro.

Siku iliyofuata nikaamka na tetekuwanga. Niliona ni adhabu, na kwa namna fulani nikafarijika, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuadhibiwa hadaiwi tena kuungama.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne ya ugonjwa. Baba yuko kazini. Kulipopambazuka mama alisikia kuna unga dukani, akachukua mfuko akaniacha na uji na maagizo yale ya kila mara ya mtoto anayebaki peke yake: "Mtu akipiga hodi usiitikie. Kaa kimya, waone hatupo." Mlango aliurudisha tu. Haukuwa na komeo zima. Tulikuwa tukiuegeshea jiwe kwa ndani, na mimi sikwenda kuliegesha.

Nilisikia lori. Nilidhani ni lori la mafuta ya taa. Nikasikia sauti za wanaume mbali, upande wa kilabu cha pombe, na mbwa. Kisha nikasikia hatua uani kwetu, za mtu mmoja, na sauti ikasema kutoka kwenye mlonge, "Hodi."

Niliitambua mara moja. Nilijua amekuja kufanya nini: amekuja kudai chanuo. Amelitafuta siku tatu, amehesabu nani aliyeingia bandani, na hakuna mwingine ila mimi. Nikavuta shuka hadi kwenye macho.

"Hodi wenyewe." Sasa alikuwa barazani. Sauti yake haikuwa kubwa. Niliona hilo kuwa ni ujanja, anataka nidhani hana hasira. Nilikaza pumzi. Nikakumbuka kwamba siku yoyote nyingine ningekwisha kukimbia kumfungulia, maana agizo la mama halikuwahi kumhusu Baba Asumpta. Mama mwenyewe akinikuta nimemkaribisha alikuwa akimwongezea chai. Lakini siku ile nililishika agizo la mama kwa mikono miwili kama mtoto mwema kabisa.

Ya tatu aliisema mlangoni kabisa, karibu hivi kwamba nilisikia kiganja chake kikigusa mbao. "Hodi, Mama Tunu." Akataja jina la mama, maana ndivyo mtu anavyofanya hodi inapokuwa ya mwisho. Baada ya hapo kimya. Mlango haukusukumwa. Ungesukumwa kwa kidole kimoja ungefunguka. Nilihesabu moyoni, sijui ni ngapi, kisha nikasikia hatua zikishuka barazani, taratibu, zikitoka uani.

Nilifurahi. Hapa ndipo ninapokwama kila mara ninapojisimulia mwenyewe, na ningependa kupaacha, lakini ni kweli. Nilifurahi, nikajigeuza upande wa ukuta, nikalala.

Nilijua habari jioni. Waliokuja na lori walikuwa mgambo, wanasaka watu wasio na kazi mjini ili wapelekwe vijijini kulima. Kila mwanaume waliyemkuta waliomba kitambulisho cha kazi. Mchongaji hana mwajiri wa kumpa kitambulisho. Baba Asumpta alikuwa ameomba kadi katika ushirika wa wachongaji, akaambiwa aje kesho, na kesho hiyo ilikuwa na miezi. Yeye na baba walikuwa wamekwisha kupatana, mimi nisijue, kwamba siku msako ukija aingie kwetu akae. Nyumba ya mfanyakazi wa kiwandani hawakuwa wakiipekua, na wangeuliza, mama angesema huyu ni ndugu yetu amekuja kutazama mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwepo, na mabaka usoni.

Mama Shabani, jirani wa upande wa pili, alikuwa amechungulia dirishani akaona kila kitu. Alimwambia baba, "Nilimwona anatoka kwenu. Hakukimbia. Anatembea tu kama mtu aliyekwenda kuomba moto akakuta hawajawasha." Walimkamata penye bomba la maji. Hakuwa amevaa hata shati, wakamrushia moja kutoka ndani ya lori.

Mama akaja kukaa pembeni ya kitanda changu, akanishika paji la uso, akaniuliza kama nilisikia mtu. Nikamwambia nilikuwa nimelala. Alinitazama kitambo kidogo, kisha akasema, "Homa ilikuwa kali," na alisema hivyo kwa baba, si kwangu.

Barua ikaja. Zilikuwa zikija kwa sanduku la posta la kiwanda, na baba akaileta nyumbani nami nikapewa niisome, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mvua zimepita. Asumpta ataletwa na shangazi yake mwezi ujao. Ameshonewa sare. Anauliza kama shule ina kengele ya kweli au wanagonga reli. Baba akasema ni lazima tujibu upesi, mtoto asije akakuta chumba kitupu, na kwa kuwa wao walikuwa wamezoea mwandiko wangu, niandike mimi ili wasishtuke. Aliyasema maneno, mimi nikashika kalamu. Nikaandika kwa herufi nzuri zilizosimama: "Asumpta asije kwanza. Baba yake hayupo." Nilipofika kwenye neno "hayupo" wino ulimwagika kidogo, na baba akasema haidhuru, wataelewa.

Baada ya miezi miwili mwenye nyumba alikodisha chumba kile kwa mtu mwingine. Banda likavunjwa. Mpingo aliouacha, magogo manne makubwa aliyoyaleta mwenyewe kutoka stesheni kwa mkokoteni, yalikaa uani yakipigwa na jua hadi wenye nyumba ile walipomwoza binti yao. Mpingo unawaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi. Wakapikia pilau. Nami nilikwenda kwenye sherehe na watoto wenzangu, tukakaa kwenye jamvi, nikala. Ilikuwa pilau tamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba ilinishinda kuimeza, lakini haikunishinda.

Baba Asumpta alirudi baada ya karibu mwaka. Nilikuwa naosha vyombo uani, mama anachambua mchele, na sauti ikasema kutoka kwenye mlonge, "Hodi." Niliitikia kwa kelele kiasi kwamba mama aliinua kichwa akacheka. Huo ndio mwanzo wa tabia yangu hii, kwa anayetaka kujua.

Alikuwa amekonda na shingo yake imekuwa nyeusi zaidi kwa jua. Alikaa kwenye mkeka, akapewa chai, akaeleza habari za kijiji alichopelekwa bara huko, habari za pamba na nguruwe mwitu, tena kwa kuchekesha. Walimruhusu kwa kuwa mke wake anaumwa. Alikuwa anapita tu, anaelekea kusini, na hatarudi. Vifaa vya kazi alivyokuta vimebaki kwa mwenye nyumba ni tindo moja, amempa mtoto wa pale achezee. Mama akamwuliza habari za Asumpta. Akasema, "Asumpta si wa shule tena. Wamempeleka kwa bibi yake kulea watoto wa mama mdogo." Akanywa chai.

Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Siku ile nilipita hapa."

"Jamani," mama akasema. "Mie nilikuwa foleni ya unga tangu alfajiri. Na huyu alikuwa kalala, ana homa, hata hajui kilichotokea."

"Alikuwa kalala," Baba Asumpta akaitikia. Hakuuliza. Aliliweka neno la mama mahali pake, kama alivyoweka kikombe.

Alipotoka nilimsindikiza hadi barazani, kwa kuwa ndiyo adabu. Akainama kuvaa viatu. Pembeni ya viatu vyake kulikuwa na kandambili zangu, moja imekaa sawa na nyingine imepinduka, maana ndivyo nilivyokuwa nikizivua. Akanyosha mkono akaigeuza ile iliyopinduka. Akasema polepole, mama asisikie, "Siku ile pia moja ilikuwa imepinduka. Nikajua Mwalimu yumo."

Ningeweza kusema mambo mengi. Chanuo lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nilichosema ni hiki: "Mbona hukuingia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mwanafunzi wa watu wazima anayesikia mwalimu wake amekosea kusoma herufi ya kwanza.

"Hukuniitikia," akasema.

Akaniaga, akaniambia nisome sana. Nimesoma sana.

Tangu siku hiyo nimejitengenezea kila aina ya utetezi. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa mgonjwa. Nilitii mama. Msako ungeweza kumkuta wiki iliyofuata. Kadi yake ya ushirika ingeweza kutoka jana yake. Kila utetezi ni wa haki, na kila mmoja ukifika mlangoni kwangu unasimama nje. Mwezi uliopita, nikiwa na kadi ile ofisini, hatimaye niliongeza mstari chini ya maana: "Hurudiwa mara tatu, isipoitikiwa, aliyeipiga huondoka, hata kama mlango uko wazi." Mkuu wangu aliurudisha umepigwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika kwamba hiyo ni desturi, si maana. Ana haki. Nikaandika kadi nyingine safi. Penye asili niliandika kwamba haijathibitika.

Lakini kazi ile ilikuwa imenitoa nyumbani kwangu. Jumamosi moja nilikwenda kwa wachongaji walio njia ya kwenda Kunduchi, nikajifanya nauliza maneno ya kazi yao, na baada ya maneno kumi nikalitaja jina. Mzee mmoja aliyekuwa anapiga msasa alisema alimfahamu, watu wa upande mmoja. Amekwisha kufariki, kule kule kusini, miaka sasa. "Ila binti yake yuko huku. Mbagala. Kaolewa, anakaanga maandazi. Unamtakia nini?" Nikasema nina kitu chake. Akanieleza njia: shuka penye mashine ya kusaga, fuata mnazi uliokatika kichwa, nyumba ya udongo yenye mlango wa bluu.

Nilikwenda Jumapili. Nilikuwa nimefunga chanuo kwenye leso, na njia nzima nilitunga la kusema nikalitungua. Niseme nilikuwa msomaji wa barua zake? Niseme mwandiko ule ulikuwa wangu? Nianze na ndege, kwamba baba yake hakuwahi kulimaliza bawa? Nyumba niliiona kabla sijawa tayari. Uani kulikuwa na karai la mafuta limeinamishwa likauke, na unga umemwagika kidogo kwenye mchanga, kuku wanadonoa. Hapakuwa na mtu. Mlango wa bluu ulikuwa umerudishwa tu, na barazani kulikuwa na kandambili ndogo, jozi moja, za mtoto wa miaka saba au minane.

Nikapiga hodi kutoka uani. Ndani kitu kikaanguka, kama kikombe cha bati, kisha kimya kile ninachokijua mimi kuliko mtu yeyote.

Nikasogea barazani. "Hodi wenyewe." Nilisikia mtu akivuta pumzi na kuibana. Ningeweza kusukuma mlango kwa kidole.

Nikangoja. Kuku wakasogea. Baada ya muda sauti nyembamba, ya kike, ikasema kutoka ndani, kwa uzito wote wa mtu aliyeachiwa nyumba:

"Mama kasema hatupo."

"Sawa," nikasema. "Amekwenda wapi?"

Alikuwa anapima kama maagizo yanamruhusu. "Kuchota maji."

"Basi mwambie… usimwambie kitu. Nitamngoja hapa nje."

Nilikaa kwenye ukingo wa baraza, miguu kwenye mchanga, leso mapajani. Nyuma yangu nilisikia nyayo ndogo zikija hadi karibu na mlango zikasimama. Hodi ya tatu sikuipiga. Ningeipiga ningelazimika kuondoka.